Chambo bandia kunasa mwambani kwenye maji mafupi: tulinganishe njia

Kolekole wa Oysterbay

Salaam wakuu. Naomba tulinganishe njia za kushughulika na chambo bandia kinaponasa kwenye mwamba, hasa maji mafupi. Video nyingi zinazozunguka zinawafundisha watu walio kwenye boti juu ya maji marefu, na ushauri huo ukiuleta ufukweni unagoma.

Mazingira yangu ni haya: nasimama juu ya mwamba hapa Dar es Salaam, upande wa Oysterbay na Coco Beach, maji yakijaa, natafuta kolekole na mizia wadogo. Mbele yangu maji ni ya magoti, halafu kiuno, halafu pima moja na nusu hivi. Chini ni mwamba wa matumbawe ya kale, matundu matupu na kingo zinazokata uzi. Natumia visamaki vya plastiki vyenye mdomo (kile kibamba kinachotokeza mbele), vijiko vya chuma, na siku nyingine chambo cha mpira.

Njia ya kwanza kwangu ni kulegeza uzi, na watu wengi hawaipi nafasi. Chambo kikishika tu, mkono unataka kuvuta. Ukijizuia, ukafungua mashine ya uzi na kutoa uzi wa kutosha, kisamaki kinachoelea kinarudi nyuma chenyewe na wimbi linakisaidia. Mara nyingi kilichogonga mwamba kwanza ni ule mdomo wa plastiki, ndoana bado hazijachoma kitu. Ukivuta ndipo unazichomeka. Kijiko cha chuma hakina bahati hiyo: ukikilegezea kinazama zaidi tunduni.

Kulegeza kukishindikana, napiga uzi. Fimbo naielekeza kwenye chambo, nakaza uzi, naushika kati ya mashine na pete ya kwanza, nauvuta kando kama kamba ya upinde, kisha nauachia ghafla. Narudia mara kadhaa mfululizo. Uzi wa kusuka unafikisha mshtuko vizuri, nailoni inanyumbuka na kuumeza njiani. Kwangu hii inaishinda ile tabia ya kutikisa fimbo juu chini, ambayo inachosha mkono na kuzidi kuichoma ndoana.

Kubadili upande pia kunasaidia, kwa sababu chambo hutoka kirahisi kwa njia kilikoingilia. Ukiwa nchi kavu huwezi kukizunguka kutoka baharini, ila hatua ishirini kushoto au kulia zinabadilisha pembe kiasi cha kutosha.

Kuna na kile kisukumio, yaani chubwi zito lenye pete ambalo unalitelemsha juu ya uzi likagonge chambo. Kama boti iko juu ya chambo, ni dawa. Kwa aliyesimama mwambani uzi umelala karibu sawa na maji, kwa hiyo chubwi haliteremki. Linasimama katikati, linaangukia kwenye jiwe, nalo linanasa. Sioni sababu ya mtu wa ufukweni kulinunua.

Sasa swali: mnaona mtu aweke nguvu kwenye kunasua, au abadilishe chambo ili kisinase tangu mwanzo? Na ukibadilisha, unapoteza samaki kiasi gani?

---

Mzee wa Mshipi, Kizimkazi

Waalaikum salaam kijana. Mie nimekulia kwenye mshipi wa mkono, hizo fimbo nimezijua ukubwani. Umeeleza vizuri, lakini umeyaacha maji yenyewe.

Mwamba unaokunasa leo, siku za bamvua uko mkavu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja inakaribia mita nne, na kupwa kwenyewe huangukia saa nne, saa tano za asubuhi. Nenda wakati huo bila fimbo. Vaa viatu, tembea, tazama wapi mchanga unapita baina ya mawe, wapi pana mfereji, wapi jiwe limekatika. Ukiuona mfereji, chukua alama mbili za nchi kavu, mnazi na paa la nyumba, zisimame mstari mmoja. Maji yakirudi, rusha kwa kufuata mstari ule. Samaki naye anapoingia na maji hupita mferejini, hapiti juu ya jiwe. Kwa hiyo unapopunguza kunasa ndipo unapoongeza samaki.

Siku za maji mafu usijisumbue kwenda kutazama. Maji hayatoki vya kutosha, utaona nusu tu.

Kuna jambo moja linaniuma na nitalisema wazi. Wanawake wanaokwenda pweza bamvua huku kwetu huviokota hivyo visamaki vya plastiki mwambani. Wanachokoa matundu kwa chuma, lakini mwisho mkono huingia. Ndoana ya meno matatu uliyokata uzi na kuiacha tunduni, mkono wa mama ndio unaokuja kuikuta. Kwa hiyo kunasua si suala la fedha zako peke yake. Na ukishindwa, weka alama ulipo, bamvua inayofuata urudi ukaitoe.

---

Binti Likoni

Shikamoo mzee, na salamu kwenu nyote kutoka Mombasa. Maneno ya mzee kuhusu pweza ndiyo sababu mimi niliachana na ndoana za matatu kabisa.

Kolekole, kwa swali lako jibu langu ni ubadilishe chambo. Kisamaki cha kawaida kina ndoana mbili za matatu, yaani ncha sita, na tatu kati yake zinaning'inia tumboni, mahali panapogusana na jiwe kwanza. Mimi ya tumboni naitoa, pete naiacha tupu. Ya mkiani naweka ndoana moja ya kawaida, ncha ikiangalia juu. Hapo mdomo wa plastiki unagonga jiwe, kisamaki kinainama, mkia unanyanyuka, ndoana inapita juu. Kinaparamia mwamba badala ya kujichomeka.

Ila uzito uangaliwe. Ndoana moja ya mkiani ikiwa nyepesi kuliko zile ulizotoa, kisamaki kinaelea mkia juu na kinaacha kucheza, au kinalala ubavu ukikivuta haraka. Chukua ndoana nene kidogo inayokaribia uzito uliotoa, kisha kijaribu kwanza kwenye maji tulivu kabla hujakipeleka kwenye mawimbi.

Kuhusu kupoteza samaki, inategemea ni nani unamtafuta. Kolekole anakuja kwa nguvu na kumeza, na ndoana moja inaingia ndani zaidi na kushika nyama vizuri. Kwake sioni hasara, naona faida, maana ndoana za matatu hupindana na kujipa nguvu zenyewe kwa zenyewe mpaka zinachomoka. Mzia ni kesi nyingine. Anakatiza katikati ya chambo na kukimbia, na ndoana iliyo mkiani peke yake anaikosa. Kama mizia ndio mnaowataka, mtawakosa wengi zaidi, na sitakudanganya.

Halafu kile kijino cha ndoana nakibana kwa koleo kilale. Kwenye mwani na jiwe ndoana inateleza nje kwa urahisi, na ikikuingia mwilini inatoka bila kuchanwa. Samaki akikazwa uzi muda wote hatoki.

---

Popa Maskati

Nawasalimu kutoka Oman. Mmesahau njia nyepesi kuliko zote: msiende chini kabisa. Popa, yaani chambo kinachoelea, inapita juu ya maji, inapiga kelele, kolekole anaifuata hata kwenye maji ya magoti. Huku navua juu ya miamba tangu alfajiri mpaka jua linapochomoza, na kunasa hutokea pale tu ninapoilaza popa karibu na jiwe lenyewe. Mtu akiwa na fedha ya chambo kimoja tu kwa mwamba wenye maji mafupi, anunue popa.

---

Fundi Rili, Tanga

Popa, nakubaliana nawe kwa alfajiri na machweo. Jua likishapanda, samaki wa mwambani hushuka kwenye kivuli cha jiwe na hawaji juu kirahisi. Na kusi ikivuma, bahari imechafuka, popa inarukaruka juu ya mawimbi bila kukamata maji. Kwa hiyo ni chambo cha saa fulani na msimu fulani. Ila kwa saa hizo, hakuna kinachokishinda.

Mimi nataka kuzungumzia uzi, kwa sababu naona hamjaugusa. Kila mtu anapofunga anajiuliza samaki mkubwa kiasi gani, hajiulizi likishika jiwe patakatika wapi. Ukifunga uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye chambo, utakatika popote mwamba ulipoukwaruza, pengine mita thelathini kutoka kwenye chambo. Sasa umeacha mita thelathini za uzi usiooza unaozungushwa na mawimbi kwenye matumbawe. Kasa, ndege na samaki wote wananaswa humo.

Weka mbele kipande cha nailoni, urefu wa pima moja hivi. Hapa pana mabishano ya kweli. Wapo wanaosema nailoni ya mbele iwe nyembamba kuliko uzi mkuu, ili ikatike hapo na si kwingine. Wengine wanasema iwe nene, kwa sababu mwamba wetu unakata na nailoni nyembamba haimalizi asubuhi moja. Mimi niko upande wa nene, na mahali dhaifu napaweka kwenye ndoana: ndoana ya waya mwembamba, ambayo ukiivuta polepole kwa mkazo usiobadilika inanyooka na kutoka. Unaikunja tena kwa koleo, ukimaliza siku unaitupa, maana chuma kilichokunjwa mara mbili hakiaminiki.

---

Binti Likoni

Fundi, kwa hilo la ndoana nyembamba tunatofautiana. Kolekole mwenye kilo nne au tano aliyegeuka kuelekea baharini anainyoosha hiyohiyo. Mimi ndoana iwe nene, nailoni ya mbele ndiyo iwe dhaifu.

---

Fundi Rili, Tanga

Dada, kwa kolekole wa ukubwa huo uko sahihi. Huku nilipo wengi ni changu na kolekole wadogo, ndoana nyembamba inawatosha. Kila mtu apime na samaki anaowapata kweli, asipime na yule anayemuota.

Nimalizie la usalama, na hili nalitilia mkazo. Kuvuta kukibaki ndiyo njia pekee, usiikunje fimbo: inavunjika, na chambo kikiachia kinarudi kwa kasi ya risasi usawa wa uso wako. Chuma na vijiko ni hatari zaidi kwa sababu ya uzito, na maji mafupi hayana kina cha kukipunguza mwendo. Elekeza fimbo kwenye chambo, kaza breki ya mashine, geuza uso pembeni, rudi nyuma taratibu kwa miguu. Miwani ivaliwe, hata ya jua ya bei nafuu. Uzi wa kusuka usiuzungushe mkononi kamwe, unakata mpaka mfupa. Uzungushe kwenye kipande cha mti au chupa ngumu, uvute hicho.

---

Kuhe wa Kigoma

Habari zenu ndugu. Huku Tanganyika hatuna kupwa wala kujaa, kwa hiyo ushauri wa mzee tunaufuata kwa njia nyingine: maji yetu ni maangavu, na mchana wa utulivu unaona mawe yalivyopangana mita kadhaa chini. Tunatazama kwanza kutoka kwenye mtumbwi kabla ya kurusha.

Mawe ya kwetu si ya matundu. Ni makubwa, yamelaliana, na kati yake kuna nafasi. Chambo hakichomi, kinaingia kwenye nafasi na kukaa kama kabari. Ukivuta unakikaza. Kwa hali hiyo, kupiga uzi hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kwenda upande wa pili, na mtumbwi unafika upande wa pili. Na hapo hapo nikitetee kile Kolekole alichokikataa: kisukumio. Ukisimamisha mtumbwi juu ya chambo, uzi ukawa wima, chubwi linashuka lote na kukipiga kinyumenyume. Mimi langu nimelitengeneza kwa risasi na kipande cha waya, nimelifunga kamba yake pembeni ili likinasa lenyewe nilivute. Kwa hiyo kosa si la kifaa, ni la pembe.

Kuhe, kwa msiomjua, ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii ya sato duniani, na anapotaga hukaa kwenye maji mafupi, dume na jike wakilinda watoto. Akiwa analinda anashambulia chochote kinachopita, hata kama hana njaa. Ukimpata wa namna hiyo, mrudishe. Nalo hilo ni la kuzingatia kabla ya kurusha kwenye mawe.

Mtu asiingie majini kunasua chambo huku bila kuuliza wenyeji. Mamba wapo.

---

Jiwe la Mwanza

Naongezea kwa Ziwa Victoria, maana hali inafanana na Kigoma lakini si sawa. Mawe yetu ni ya itale, laini kwa nje, yenye nyufa ndefu. Ufa una upana mmoja mpaka chini, kwa hiyo chambo chembamba, kijiko hasa, kinateleza ndani na kuzama. Nimeona chambo kinene chenye umbo la duara kinaingia kwenye nyufa mara chache sana kuliko chembamba. Hilo silisikii likisemwa, watu wanazungumzia ndoana tu. Umbo la mwili nalo lihesabiwe.

Kwa wanaovua kwa chambo cha kweli na uzito: msipoteze risasi kwenye mawe. Kwa mafundi wa bodaboda kuna plagi zilizokufa, wanazitupa. Funga plagi kwa uzi mwembamba kuliko mshipi mkuu, ikishika jiwe inakatika peke yake na ndoano inarudi. Hata kokoto lenye kiuno linatosha. Risasi ni sumu, na maji haya haya wengi wanayanywa. Nasema hivyo nikijua plagi nayo ni taka, ndiyo maana mimi siku hizi nimehamia kwenye kokoto na kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli.

Kuingia majini sikushauri, kwa sababu ya kichocho. Kinaingilia kwenye ngozi, na maji mafupi ya kando ndiyo konokono wake wanakopenda. Na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020, mawe tuliyoyazoea kuyaona yakawa chini ya maji kidogo tu. Mtu anayerusha kwa kumbukumbu za zamani ananasa kila siku.

---

Kolekole wa Oysterbay

Nawashukuru sana, na mzee shikamoo. La pweza sikuwa nimelifikiria hata mara moja, na limebadilisha namna ninavyoliangalia jambo zima. Kuhe, nakubali kuhusu pembe.

Nilivyowaelewa, mwamba wenyewe ndio unaochagua njia. Mwamba wa matundu kama wangu: kulegeza, kupiga uzi, na ndoana moja yenye ncha juu. Mawe yaliyolaliana: upande wa pili na kisukumio. Nyufa: chambo kinene. Popa kwa alfajiri.

Binti, sijaelewa kuhusu chambo cha mpira. Unatumia ndoana ile pana, ncha ikiwa imefichwa ndani ya mpira? Nimeona wanaifunga na uzito wa umbo la risasi mbele.

Mzee, bamvua inayofuata nitakuja kutembea mwambani kama ulivyosema. Nilikuwa na wazo la kukodi mtumbwi niende nikatazame na kule kisiwani Mbudya.

---

Mzee wa Mshipi, Kizimkazi

Marahaba. Kwenye mwamba wako wa Oysterbay nenda, fika nusu saa kabla maji hayajakauka kabisa, uyafuate yakitoka. Yakigeuka, rudi nchi kavu usisubiri, kwa sababu mifereji hujaa kwanza nyuma yako na wewe umebaki juu ya jiwe.

Mbudya usipeleke fimbo. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tengefu tangu mwaka 1975, hapavuliwi.

---

Binti Likoni

Hata huku ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa hairuhusiwi, mtu aulize mpaka kabla ya kurusha.

Ndiyo Kolekole, ndoana pana, ncha imefichwa ndani ya mpira. Samaki akiuma mpira unakunjika na ncha inatokeza. Lakini huo uzito wa mbele uuache. Ndio unaojikaza kwenye jiwe, na watu wanailaumu ndoana. Kwenye maji ya kiunoni mpira mnene una uzito wa kutosha kurushwa wenyewe, na unazama taratibu ukipita juu ya mawe. Upepo ukiwa mkali, funga kipande kidogo cha risasi kwenye shingo ya ndoana, katikati, siyo mbele. Na usiuvute mfululizo: uvute kidogo, uache ushuke, ukigusa kitu kigumu nyanyua fimbo polepole mpaka uhisi umepita.